Uzi: Bakuman kwa waliomaliza juzuu zote 20. Kipi ni kazi halisi ya manga, kipi ni chumvi?

Kisanduku (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waliofika sura ya 176, maana tutataja mambo mpaka mwisho bila kuficha. Ambaye hajamaliza akasome kwanza.

Kwa wanaohitaji kukumbushwa: Bakuman ni manga, yaani vibonzo vya Kijapani, kuhusu vijana wawili wanaotaka kuishi kwa kutengeneza manga. Mtunzi ni Tsugumi Ohba, mchoraji ni Takeshi Obata, wale wale wawili wa manga ya Death Note. Ilitoka kwenye jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia Agosti 2008 hadi Aprili 2012. Moritaka Mashiro anachora, Akito Takagi anatunga, wanatumia jina moja la kalamu, Muto Ashirogi. Mashiro na Azuki Miho wamewekeana ahadi: manga ikipata anime (katuni ya video) na Miho akawa sauti ya mhusika mkuu wa kike, wanaoana.

Mijadala mingi inaishia kwenye hiyo ahadi. Mimi nashikilia kwamba injini ya hadithi hii ni kadi ya maoni ya msomaji. Ukiielewa kadi, utaelewa kwa nini Detective Trap ilikatwa (hii na nyingine ninazotaja ni manga za Ashirogi ndani ya hadithi), kwa nini Tanto ilikuwa kosa tangu siku ya kwanza, na kwa nini PCP iliandikwa vile ilivyoandikwa. Tuanzie hapo, kisha kila mtu alete anachokijua.

Juzuu_kwa_Juzuu
Mkuu umegusa penyewe. Wengi wanasoma zile nafasi za hadithi jaridani (ya tatu, ya nane, ya kumi na tano) kama matokeo ya mpira tu, hawaangalii zinapatikanaje.

Miaka ya Bakuman, ndani ya jarida kulikuwa na kadi ya posta. Msomaji aliandika hadithi tatu alizozipenda toleo hilo, akajibu na maswali mengine machache, akabandika stempu, akatuma. Ofisini matokeo yalisomwa mara mbili: ya awali, kutokana na kadi za mwanzo, halafu ya jumla. Ndiyo maana kwenye hadithi mhariri anapiga simu na habari njema, baada ya siku kadhaa anapiga tena sauti ikiwa imeshuka.

Sasa tazama hiyo nafasi ya kutaja hadithi tatu pekee. Jarida lina hadithi takriban 20. Hadithi ambayo kila msomaji anaiweka ya nne moyoni mwake inapata kura sifuri, ingawa nchi nzima inaipenda kiasi. Hadithi ambayo robo ya wasomaji wanaiabudu na waliobaki wanairuka inakaa juu. Mfumo unaadhibu kazi ya "si mbaya". Hapo ndipo unaposhika mabishano ya Takagi na mhariri wao Hattori kuhusu njia kuu, yaani mapigano, urafiki na ushindi, dhidi ya njia ya pembeni. Kwa hesabu ya kura tatu, njia ya pembeni inaweza kumlipa mtu asiyeweza kumshinda mpinzani wao Niizuma kwenye mapigano.

Jambo la pili ni mteremko. Sura ya kwanza ina kurasa nyingi, mara nyingi na rangi, na ni mpya. Ya pili inashuka, ya tatu inashuka tena. Hilo ni kawaida kabisa. Wahariri wanatazama inakotulia. Ikitulia chini, katika kikao cha kuamua hadithi zipi zianze na zipi zikatwe, wewe ndiye unayepisha wageni, na unaweza kuwa na sura kumi na kitu tu mkononi.

Mwambao
Nakubali sehemu, lakini msiifanye kadi kuwa mungu. Wanaotuma kadi ni sehemu ndogo ya wanunuzi, nao ni wale wenye mapenzi makali. Mauzo ya juzuu yana uzito wake, na mchoraji kipato chake kikubwa kinatoka huko, kwa sababu kwa kawaida fungu lake ni karibu asilimia 10 ya bei ya kitabu. Malipo ya kurasa mara nyingi yanaishia kwa wasaidizi, ambao mchoraji mwenyewe ndiye anayewalipa. Hadithi inalionyesha hilo vizuri: wanapata nafasi ya wiki kwa wiki halafu ghafla ni waajiri, wana wasaidizi wakubwa kuliko wao kwa umri.

Na zingatieni nyakati. Jump ilifika nakala milioni 6.53 mwaka 1995, ndiyo kilele chake. Kufikia 2017 ilikuwa chini ya milioni 2. Bakuman iko katikati ya mteremko huo. Kadi ilikuwa bado na nguvu zote, simu ilikuwa bado haijawa mahali pa kusomea. Anayetumia Bakuman leo kama ramani ya soko anasoma ramani ya 2010.

Juzuu_kwa_Juzuu
Mwambao, hapo kwenye wasaidizi uko sahihi kabisa. Lakini kuhusu kuanza na kukatwa kwa hadithi, kitabu kinasema wazi kwamba mhariri mkuu anatanguliza kadi. Na ule uongozi haukubuniwa wote: Sasaki alikuwa mhariri mkuu wa kweli wa Jump wakati huo, na alipobadilishwa mwaka 2011 akaja Heishi, hadithi nayo ikambadilisha. Ndiyo maana vikao vyao havina harufu ya kubuni.

BintiWino
Mimi nataka tuongelee nemu, maana ndiyo sehemu ambayo mtu anaweza kufunga kitabu na kuifanya kesho yake.

Nemu ni rasimu ya kurasa zote kwa penseli: visanduku vimegawanywa, maputo ya maneno yamewekwa, maneno yameandikwa, watu ni vichwa vya duara na miili ya mistari. Mhariri anasoma hiyo tu. Hakuna tone la wino linalomwagika kabla nemu haijapita. Wanaoanza wanakosea hapa kuliko popote pengine: wanachora ukurasa wa kwanza mpaka unang'aa, wanatumia wiki mbili, kisha wanagundua kisa chenyewe kinaanza ukurasa wa tisa. Kurekebisha nemu ni dakika tano na kifutio. Ukurasa uliokwisha wino unautupa.

Kwenye juzuu za Bakuman, katikati ya sura na sura, wameweka kurasa za kulinganisha: nemu ya Ohba, kisha nemu ya Obata, kisha ukurasa uliokamilika. Hizo ni dhahabu. Zisome hivi: funika zilizokamilika, tazama ya Ohba, jiulize kisanduku kipi ndicho moyo wa ukurasa. Kisha fungua ya Obata. Mara nyingi maneno yanabaki. Kinachobadilika ni ukubwa wa visanduku, pembe ya kutazamia na nafasi ya uso kwenye kisanduku. Mtunzi anatoa mpangilio wa mawazo, mchoraji anaamua jicho litue wapi.

Ukitaka kujaribu, chukua kurasa 19, ndiyo kawaida ya sura ya wiki. Kwa visanduku vitano hadi saba kwa ukurasa unapata kati ya 95 na 133. Andika kisa chako kwa mistari 100, kila mstari kitendo kimoja au kauli moja. Kama mistari imefika 180, kisa ni kikubwa kuliko sura, na ukikilazimisha utapata visanduku vya ukubwa wa stempu vilivyojaa maneno. Bakuman yenyewe ina maneno mengi kuliko manga nyingi za Jump, na inabebwa kwa sababu Obata ni fundi wa nyuso. Usiige hilo ukiwa unaanza.

Halafu kuna kugeuza ukurasa. Manga inasomwa kulia kwenda kushoto. Ukigeuza, unakutana kwanza na ukurasa wa kulia. Kwa hiyo swali liweke kwenye kisanduku cha mwisho, chini kushoto, ukurasa wa kushoto. Jibu au mshtuko uweke juu ya ukurasa wa kulia unaofuata. Ukiweka mshtuko ukurasa wa kushoto, jicho la msomaji limeshauona pembeni kabla hajasoma kilichoutangulia.

Nibu_G
Naongeza upande wa vifaa, kwa sababu hadithi inataja nibu (ncha za kalamu ya kuchovya wino) na toni (vitone vya kutia kivuli) bila kueleza kwa nini vinamtesa Mashiro sura zile za mwanzo.

Nibu kuu ni tatu. Nibu G inanenepesha mstari ukikandamiza na kuukondesha ukilegeza. Ndiyo ya wahusika. Nibu ya duara, ile ndogo kama mrija, ni ya nywele, kope na mandhari. Kabura inatoa mstari ulio sawa karibu muda wote, wengi huanza nayo kwa sababu inasamehe mkono mzito. Nibu mpya ina mafuta ya kiwandani, wino unajikusanya kama matone na hauteremki. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuichovya. Ikianza kukwaruza karatasi, au mstari mwembamba umekataa kutoka, itupe. Nibu iliyochoka haifufuki.

Karatasi ya kuchapishia ya gramu 80 haifai. Inanyonya wino na mstari unaota manyoya. Tafuta nzito yenye uso laini, gramu 180 kwenda juu. Manila laini inafaa mradi usiisugue sana kwa kifutio, maana ukishavunja uso wake wino unasambaa palepale ulipofuta.

Vipimo vya kitaalamu ni karatasi B4. Fremu ya ndani ni milimita 180 kwa 270. Ukurasa utakaokatwa ni 220 kwa 310. Picha inayofika ukingoni ipitishe angalau milimita 5 nje ya hapo, kwa sababu kisu cha kiwandani hakikati kila nakala sawasawa na utaona ufito mweupe. Maneno na nyuso muhimu vyote ndani ya fremu ya ndani. Jarida ni B5, kwa hiyo mchoro unapunguzwa hadi karibu asilimia 83. Mistari iliyobanana sana itaungana kuwa doa.

Kisanduku
Na kwa mwenye A4 tu? B4 madukani kwetu ni shida.

Nibu_G
A4 ina vipimo vyake ambavyo Wajapani wenyewe wanaotoa vitabu vya binafsi wanavitumia: fremu ya ndani 150 kwa 220, ukurasa wa mwisho 182 kwa 257, yaani B5 kamili bila kupunguza. Tatizo lake ni kwamba hakuna upunguzaji wa kuficha mtetemo wa mkono. Mstari unaouchora ndio utakaosomwa.

Kwa rula: geuza ukingo uliochongwa utazame chini, usiguse karatasi. Ukigusa, wino unavutwa chini ya rula na ukurasa umekwisha.

Toni ndiyo inayowaangusha wanaotumia kompyuta. Toni ya mistari 60 kwa inchi, ukiipunguza kwa asilimia 83, inakuwa karibu mistari 72, bado inachapika. Lakini ukiweka toni kwenye picha yenye kijivu, ukahifadhi kwa nukta 300 kwa inchi, kisha ukapunguza picha, utaona mawimbi ya ajabu kwenye shati la mhusika. Hayo mawimbi yanatokea pale vitone vya toni vinapogongana na pikseli, au toni mbili zinapopandana kwa pembe tofauti. Fanya kazi kwa nukta 600, nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu, na weka toni ukiwa tayari kwenye ukubwa wa mwisho. B5 kwa nukta 600 ni pikseli 4299 kwa 6071. Simu ya kawaida italemewa, kwa hiyo nemu ifanye kwenye simu, mwisho ufanye kwenye kompyuta.

Mama_Manga
Ahsanteni kwa darasa. Lakini hamuwezi kujadili maoni ya wasomaji wa Bakuman mkaruka wanawake wake. Ni lalamiko kubwa kuliko yote na lina haki yake.

Juzuu ya kwanza tu, wavulana wanamsifu Miho kwamba kwa asili yake anajua msichana anapaswa kuwa mpole, aolewe, awe mke mzuri. Wanaliita hilo akili. Iwase, mwanafunzi mwenzao, ambaye ana akili ya darasani na anaionyesha, anachorwa kama mwenye kiburi anayepaswa kupozwa. Kaya, mpenzi wa Takagi, anaacha ndoto zake na kuwa mpishi na msafishaji wa studio. Miho mwenyewe anakaa mamia ya kurasa akiwa ujumbe wa simu.

Baya zaidi kwangu ni mtunzi Aoki Ko na mchoraji Nakai. Nakai anachora nje kwenye theluji, karibu na nyumba ya Aoki, mpaka akubali kufanya naye kazi. Hadithi inalitazama hilo kama moyo wa kazi. Baadaye anataka awe mpenzi wake ndipo amchoree, na hapo Aoki anamkatalia. Waandishi waliona tatizo mara ya pili, mara ya kwanza hawakuliona, na vitendo hivyo viwili ni kimoja.

Mwambao
Dada, sina ubishi na hilo. Ningeongeza tu kwamba Aoki ndiye mwanamke anayeonyeshwa vizuri zaidi akifanya kazi yenyewe: anatoka kwenye fani ya hadithi za wasichana, anajifunza anachotaka msomaji wa kiume, anabadilisha kisa, anapigwa chini, anarudi. Ilitakiwa sura zake ziwe mara tatu ya zile tulizopewa.

Mama_Manga
Hapo tumekutana.

Juzuu_kwa_Juzuu
Afya. Mashiro analazwa, anakatwa sehemu ya ini, na bado anachora kitandani huku amewekewa dripu. Mhariri mkuu anasimamisha Detective Trap mpaka wamalize shule ya sekondari, na wenzao wa jaridani wakiongozwa na mchoraji Fukuda wanagoma kutoa kazi mpaka irudi. Nilichoona kwa wasomaji wengi ni kumchukia Sasaki. Mimi nasema Sasaki ndiye mtu mzima pekee chumbani. Mjomba wa Mashiro, Kawaguchi Taro, alikwishakufa akihangaikia kurudi jaridani. Kijana wa damu moja yumo hospitalini akifanya yale yale, na kitabu kinatutaka tushangilie.

Hesabu yenyewe ni kali. Wiki ina siku saba. Nemu ikila tatu, zinabaki nne za kurasa 19, karibu tano kwa siku, pamoja na shule. Hiyo haitoshi bila wasaidizi wa mandhari na toni, na hata nao usingizi ndio unaokatwa. Mtu anayejifunza asichukue wiki kama kipimo. Jump yenyewe huwapitisha wageni kwenye mashindano na hadithi fupi za mara moja kabla ya kuwapa mfululizo: Tuzo ya Tezuka kwa hadithi za kawaida, Tuzo ya Akatsuka kwa vichekesho.

Kisanduku
Kuhusu Tanto, nilisema ilikuwa kosa tangu siku ya kwanza. Miura, mhariri wao wa wakati huo, aliona Takagi ana vichekesho vya maneno, akadhani anaweza kuvitoa kila wiki. Lakini kisa cha vichekesho hakina fumbo linalomvuta msomaji wiki ijayo. Kila sura inaanza upya kutoka sifuri, na kila sura inahitaji vichekesho vipya kadhaa. Nguvu ya Takagi ni kupanga hila ya muda mrefu. PCP ikamrudisha huko: watoto wa shule wanatekeleza "uhalifu kamili" usiomdhuru mtu, kila hila ina mpango, kikwazo na ufunuo. Tatizo lake likaja upande mwingine, kwamba ni ngumu kuwa anime kwa hofu ya watoto kuiga. Wakalazimika kuzaa manga nyingine, Reversi.

BintiWino
Na sura za Nanamine, yule mtunzi mgeni, ni za kusomwa mara mbili na yeyote mwenye kundi la WhatsApp la washauri. Anakusanya watu mtandaoni, kila mmoja analeta wazo, sura ya kwanza inajaa mawazo mazuri na inafanya vizuri. Kisha nafasi zinashuka. Kila mshauri anavuta upande wake, hakuna anayebeba mwelekeo wa sura ya kumi, na nafasi zikishuka wanaondoka kwa sababu hakuna aliyepoteza chochote. Hattori naye ni mshauri, lakini ni mmoja, anasoma nemu yenyewe, na jina lake liko hatarini. Tafuta msomaji mmoja wa aina hiyo.

Mwambao
Kwa ufupi kuhusu matoleo mengine. Anime ya J.C.Staff ina vipindi 75, misimu mitatu, 2010 hadi 2013. Ilirushwa NHK, ndiyo maana Jump inaitwa "Jack" humo, kituo hakitangazi biashara ya mtu. Sauti na kasi ni nzuri, lakini kurasa za nemu zinapotea. Filamu ya 2015 ya Hitoshi Ōne, na Takeru Satoh na Ryunosuke Kamiki, inabana mambo sana, ila imefanya kitu kimoja ambacho karatasi haiwezi: unasikia nibu ikikwaruza.

Kisanduku
Swali la mwisho kwa wanaochora kwa Kiswahili. Maputo?

BintiWino
Maputo ya Kijapani ni marefu kwenda chini kwa sababu maandishi yao yanashuka wima. Ukiiga umbo hilo, "hawatakuruhusu" itakatika vipande vitatu. Chora maputo mapana, yenye mistari mitatu au minne, na yaandike kwenye nemu kabla ya kuchora mtu, ili usije ukafunika mkono au jicho. Na kwa kuwa tunasoma kushoto kwenda kulia, panga visanduku hivyo tangu mwanzo, usigeuze picha baadaye kwa kioo: saa itahamia mkono mwingine na maandishi ya ukutani yatageuka.

Nibu_G
Na kama wasomaji wako wako kwenye simu, wanaona ukurasa mmoja mmoja, ule ujanja wa kulia na kushoto haupo. Kila ukurasa unageuzwa. Basi kisanduku cha mwisho cha kila ukurasa kiache kitu wazi. Herufi ndogo kabisa ijaribu kwenye simu yenyewe, bila kukuza, kabla hujaanza wino.

Kisanduku
Nimepata. Wiki hii naweka hapa nemu ya kurasa 15, penseli tu, mnikosoe kabla sijanunua nibu.